Godoro la Koko

Tulikuwa tunakula lituma na samaki binti yetu alipotoa habari: ameandikwa kwenye klabu ya judo kule Makiso, katika mji wetu wa Kisangani, na kwa wiki za mwanzo hatamwangusha mtu. Atafundishwa kuanguka. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Koko, aliweka tonge chini.

"Tulipe pesa mtoto afundishwe kuanguka? Hapa Mangobo watoto wanaanguka bure."

Mimi nilikuwa upande wa mwalimu, na bado niko upande wake. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo mwaka 1882, aliziondoa mbinu za hatari kwenye mazoezi ya kushindana ili wanafunzi watupane kwa nguvu zote bila kuvunjana. Hilo haliwezekani kama anayetupwa hajui kuanguka. Kidevu kinabanwa kifuani, kisogo kisiguse chini. Pumzi inatolewa. Mgongo unapofika sakafuni, mkono mzima, toka kiganjani hadi karibu na bega, unapigwa chini pembeni mwa mwili, upokee sehemu ya mshindo. Mkono ukichelewa kidogo tu, mbavu zinaona.

Sakafu yetu ni ya saruji, kwa hiyo mtoto alikokota godoro la Koko hadi sebuleni na kuacha ukingo wa saruji wa kupigia mkono. Umeme ulikuwa umekatika, mvua imetoka kunyesha, mtaa umetulia. Paa! Pumzi kali. Kimya. Paa! Wamama wa jirani walivumilia kidogo, kisha wakaja na tochi, shefu wa avenyu nyuma yao, kumsihi mume wangu aniachie. Mume wangu alikuwa bado kazini. Walinikuta nimekaa kitini, nikimwangalia mtoto kidevu. Niliwashukuru kwa moyo wote na nikawakaribisha chai, maana wako wengi wanaosikia kipigo kwa jirani wakavuta shuka.

Koko akalidai godoro lake usiku uleule.

Mume wangu alikuwa ameona klabuni wanachotandika: unga wa mbao uliosambazwa kwa unene, turubai likakazwa juu yake. Kisangani hatukosi mbao. Akamtuma kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, alete magunia kwa wapasua mbao. Gunia moja lilipasuka mlangoni, upepo ukaupeleka unga hadi kwenye sufuria ya sombe. Mengine yalikuwa yameloa, lakini kwa haraka ya mtoto tukayamwaga vilevile na kufunika. Baada ya siku chache tu, sebule ikaanza kunuka uvundo. Kisha mchwa. Walipita chini ya turubai, wakapanda ukutani, wakaingia kabatini, na kati ya nguo zote zilizokuwamo wakachagua vikwembe vya Koko.

Alikitandaza mkononi kile alichokuwa amekihifadhi kwa sherehe, akapitisha kidole kwenye tundu. "Sasa niambieni, msichana atapata nini huko?"

Mume wangu akamsimulia habari za Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu ambao vita viliwatenganisha na familia zao, wakajifunza judo Kinshasa. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia, hawakurudi. Mwaka 2016, katika mji uleule, walipigana kwenye Olimpiki wakiwa katika timu ya wakimbizi, na Popole akamshinda Avtar Singh wa India.

"Na yule msichana?"

"Alitolewa pambano la kwanza, Mama."

Koko, aliyelala chini ya kitanda na watoto siku zile sita za Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wetu, alikaa na kikwembe chake magotini. "Mama yake anajua aliko?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kesho yake aliamka mapema, akaanika unga wa mbao juani mwenyewe, akiugeuza kwa reki kama mpunga. Sasa uko barazani, mkavu.

Kilichobaki ni mavazi. Fundi alishona koti la kwanza kwa amerikani ya mkunjo mmoja, na mwenzake wa mazoezi alipolishika tu, bega likafunguka. Judo inaanzia kwenye mshiko: mkono mmoja ukosini, mwingine kwenye mkono wa koti. Kwa hiyo ukosi hujazwa tabaka za kitambaa na kupitishwa mishono mingi sambamba, hadi unasimama wenyewe.

Tena mshiko unataka mtu wa kushikwa, hata nyumbani. Mtoto aliniomba mimi, na nimekubali. Fundi alipokuja kunipima, Koko alivuta kigoda karibu.

"Mke wa mtu na suruali," alisema, kisha akamgeukia fundi. "Mabegani weka amerikani mara mbili. Ukosi nitausimamia mimi."