Namna ya Kusherehekea Siku ya Kuzaliwa Ughaibuni Bila Kuita Zimamoto

Ewe mtoto wa Zagayu uliyepata ufadhili ukatua Beijing, Moscow au Berlin, siku yako ya kuzaliwa itakukuta huko huko. Usijifanye umeisahau, wala usijifungie chumbani ukasingizia mtihani. Siku hiyo inasherehekewa, na utaratibu wake ndio huu.

Kwanza uwe na hakika umezaliwa wapi. Cheti chako huenda kinasema Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, na ndugu zako leo wanasema Itilima, Simiyu. Wote wako sahihi: Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Karani wa chuo akikunja uso, mweleze taratibu, ikibidi mchoree ramani. Usimruhusu aandike Dar es Salaam eti kwa sababu ndilo jina analolijua.

Pili, suala la maji. Shuleni wenzako wangekuvizia nyuma ya bweni na ndoo, na ungerudi darasani unachuruzika. Haki hiyo usiipoteze kwa kuwa umevuka mipaka. Ila Januari ya Moscow si ya ndoo. Kwa hiyo kikombe kimoja, maji ya uvuguvugu, bafuni, Watanzania wenzako wakipiga makofi. Mishumaa nayo usiizime chini ya kile kidude cha darini kinachonusa moshi, la sivyo bweni zima litakupongeza likiwa nje, limejifunika mablanketi.

Heshimu ya wenyeji. Berlin keki unaleta wewe mwenye siku, na hupongezwi kabla ya siku yenyewe kwa sababu wanaona ni mkosi. Moscow nao hawapongezi mapema, tena unaweza kuvutwa masikio, mvuto mmoja kwa kila mwaka wako, vumilia. Beijing watakuletea tambi ndefu, nawe usizikate, maana urefu wake ndio wanaokuombea katika maisha.

Ukishatii, wafundishe ya kwetu. Kwetu keki hugawiwi kwenye sahani ukajilia kona: mwenye siku anawalisha watu mmoja mmoja kwa mkono wake. Mwalike na profesa, naye afungue mdomo kama wengine. Na kama matobolwa yako yalipita salama uwanja wa ndege, siku yake ni hii. Vile viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu, mgeni akiking'ata kimoja atadhani umempa kipande cha mti. Mwambie asiteme. Atafune polepole, na utamu ukianza kutoka atanyosha mkono kuomba kingine.

Sasa lililo kubwa kuliko keki: simu ya nyumbani. Beijing ikifika saa sita usiku, Zagayu ni saa moja jioni, ugali uko jikoni. Mama ana kitochi, kwa hiyo jana yake umtumie mdogo wako mwenye simu janja hela ya bando, na umkumbushe aichaji mapema. Piga kabla hujaweka picha hata moja mtandaoni.

Usisubiri mama akupongeze. Muulize siku ile ilikuwaje. Mvua ilikuwa inanyesha? Nani alikimbia kumwita mkunga? Pamba ilikuwa imeshavunwa? Usukumani watu walijua siku zao kwa matukio kabla kalenda haijafika, ndiyo maana kijijini kuna akina Mabula na Kabula waliozaliwa wakati wa mvua. Jirani zetu Wazanaki wanafanya vivyo hivyo: mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua kubwa aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ndiye Mwalimu Nyerere, aliyekwenda kusoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Huko mvua ni ya kila wiki, lakini wa kumsimulia ile ya Butiama hakuwepo hata mmoja.

Nawe ndivyo ulivyo. Marafiki wa bwenini wanajua tarehe yako kwa sababu simu zao zimewakumbusha. Mama aliiishi saa kwa saa, alipata uchungu, akakubeba. Siku hii ni yake kabla haijawa yako, na anayekula keki bila kumpigia amekula kabla ya mwenye shughuli. Mpe muda asimulie mpaka amalize, hata kama mwaka jana alisimulia hayo hayo. Akimaliza mshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," ndipo ukakate keki.

Na wewe ambaye siku yako iko wiki hii, hela ya bando itume leo, usingoje kesho.