Mistari ya Kapteni Milia

Lamu hakuna asiyemjua Bi Punda. Vichochoro vya mji ule havipitiki kwa gari, basi saruji, mchanga, hata friji ya bibi harusi, vyote hupanda mgongoni mwake. Mumewe alishakufa, wanawe wakauzwa bara. Majirani humwuliza atabeba mifuko mingapi. Amelalaje, hilo haliwahusu.

Usiku mmoja ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Samahani, nilikuwa namtafuta binamu yangu. Ila kwa hiyo picha yako, Mungu fundi." Mwandishi alijitambulisha: Kapteni Milia, askari wa kulinda amani, Serengeti. Akaambatanisha picha, kifua mbele, mistari mipana mithili ya mkeka mpya.

Mwezi haujaisha, wakawa mtu na mchumba wake. Kila saa saba mchana: "Umekula, mpenzi?" Bi Punda, aliyekuwa akitafuna boksi la sabuni nyuma ya duka, alijibu kuwa ameshiba biriani. Tusimwonee Kapteni peke yake: hata picha aliyotumiwa na Bi Punda ilikuwa ya zamani, kabla ya kidonda cha shogi.

Kisha Kapteni akapata likizo ya kuja kuoa. Lahaula, akakwama Mto Mara! Mamba wa forodha walidai madebe matatu ya pumba ndipo wamvushe. Bi Punda akatuma kwa wakala Kunguru, aliyekata kamisheni bila kuuliza kitu. Wiki iliyofuata ada ikapanda. Halafu mguu ukavunjika, halafu daktari naye akataka chake. Kuonana kwa video hakukuwezekana, eti kambini kamera ni marufuku. Alipiga simu mara moja tu, na katikati ya maneno matamu akaangua kicheko kirefu kilichopanda juu mwishoni. Bi Punda akajisemea, wanajeshi ni wachangamfu.

Picha ya pili ilipofika, Mzee Kobe aliomba aione.

"Mjukuu wangu, tazama. Huyu wa kwanza mistari yake mipana, inazunguka hadi tumboni. Huyu wa pili mistari myembamba, tumbo jeupe, masikio kama miko ya pilau. Huyu ni milia wa Samburu. Na hata wa ukoo mmoja, hakuna wawili wenye mistari sawa."

"Labda amekonda kwa kazi, babu."

Kobe akarudisha kichwa ndani. Usiku ule ule Bi Punda aliuza shogi lake, akatuma debe jingine.

Saa saba ya kesho yake hakuulizwa kama amekula. Ulikuja ujumbe huu:

"Mama, usitume tena. Mimi si Kapteni. Ni mwanapunda wa Pangani. Niliahidiwa kazi ya ofisini, nikajikuta nimefungiwa pangoni kwa Fisi. Tupo wengi, tunaandika usiku kucha, na asiyeleta pumba hanyweshwi maji. Lakini jana ulisema umeuza shogi. Nimeshindwa."

Wanaowajua vijana wa Kenya na Uganda waliorudishwa makwao mwaka 2025 kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myanmar hawataniuliza pango hilo liko wapi.

Habari zilienea sokoni kabla ya alasiri. Mbuzi alicheka mpaka akapaliwa. Paka wa gatini walitunga kibwagizo. Bata, ambaye hajawahi kumpelekea Bi Punda hata kikombe cha maji, alisema tamaa ndiyo iliyomponza. Tamaa ya nini, hakusema.

Bi Punda aliusoma ujumbe ule mara tatu, akaandika: "Umekula, mwanangu?"

Ujumbe huo una tiki moja hadi leo. Kunguru naye hajarudisha kamisheni.