Waheshimiwa, Msiyabadilishe Hayo Mabuti

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Zabuni ya Viatu,
(Chombo chenu sikitaji. Mnajijua.)

YAH: SHUKRANI KWA UCHAGUZI WA MABUTI MAPYA

Waheshimiwa,

Somo tajwa hapo juu lahusika.

Mimi ni fundi viatu. Kijiwe changu kipo chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara, ukitazamana na geti la kambi yenu. Nawaandikia kutoa shukrani. Tangu mgawo wa mabuti mapya utoke, sijakaa bila kazi hata siku moja. Kisigino cha kushoto kinanilipia ada za watoto. Cha kulia kimeniezekea nyumba.

Nasikia sampuli ilipita mezani siku ya kikao. Kila mjumbe akaishika, akaibonyeza kwa kidole gumba, akatazama inavyong'aa, akampa wa pembeni yake. Ikapita mikono yote, isipite mguu hata mmoja. Busara hiyo ndiyo inayoniweka mjini. Mngemvalisha kuruta sampuli ile mkampeleka rutimachi ya kilomita 30 na begi mgongoni, angerudi na maneno, na maneno yake yangeweza kuingia kwenye muhtasari wa kikao. Nani angependa hilo?

Hofu yangu ni kwamba ipo siku mtu atawaletea habari za kitaalamu. Afadhali mzisikie kwangu mapema, mjue pa kuzikwepea. Marekani alikuwapo daktari wa jeshi, Edward Munson. Yeye na bodi yake walichunguza miguu ya askari wapatao 2,000, na mwaka 1912 akachapisha kitabu kizima kuhusu mguu wa askari na kiatu chake. Kitabu kizima, waheshimiwa! Ninyi mlimaliza kwa ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ni saini na posho. Munson aliona kwamba mguu wa mtu aliyekaa kitini siyo mguu wa mtu aliyebeba mzigo. Ukibeba, unyayo unatandazika, unarefuka na kupanuka. Basi askari wake walipimwa wakiwa wamesimama, mgongoni ratili 40, yaani kama kilo 18, uzito wote ukiegemea mguu mmoja. Kisha askari alivaa buti jipya, akasimama ndani ya maji kidogo kwa dakika tano hadi ngozi ilainike, akatembea kama saa nzima mpaka likamkaukia mguuni na kuchukua umbo lake.

Nawasihi jambo hili lisijaribiwe kambini. Buti letu likisimama majini dakika tano, soli inaomba ruhusa ya kuondoka.

Niwapongeze pia kwa ghala. Naambiwa mzigo ulinunuliwa kwa mkupuo ili bei ishuke, ukakaa miaka chini ya bati. Watu wengi hawajui kwamba soli nyepesi ya poliyurethani haingoji kuvaliwa ndipo ife. Joto na unyevu wa hewa huila taratibu humo humo ndani ya boksi. Kuruta anakabidhiwa buti lisilo na mkwaruzo, anasaini daftari, anapiga kiwi mpaka anajiona usoni. Njiani, kabla hata jua halijawa kali, soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Anakuja kwangu buti mkononi, vipande vya soli mfukoni, kwa sababu ameambiwa mali ya serikali haitupwi. Namkatia soli ya tairi na kuishona kwa uzi wa nailoni. Mmoja alitazama nilivyokuwa nakata, akaniuliza kwa nini wasiruhusiwe tu kwenda rutimachi na katambuga. Nilimnyamazisha haraka. Mawazo ya namna hiyo yanaweza kufunga kijiwe.

Kuhusu namba, mmefanya vizuri sana kuagiza 41, 42 na 43 peke yake. Wenye 39 na wenye 46 nao ni wateja wangu, na Mungu awazidishie. Ila hata aliyepata namba yake hajapona, maana namba inahesabu urefu, upana haiujui. Vijana wengi mnaowapokea wamekulia pekupeku au kwenye kandambili. Vidole vyao vimejitawanya mbele kama Mungu alivyokusudia, wakati kalibu lililotumika kutengenezea mabuti haya ni jembamba. Kijana anaona vidole vinabanwa, anachukua namba moja juu. Vidole vinapumua, kisigino kinaanza kucheza, na kisigino kinachocheza kilomita 30 hakirudi na ngozi yake. Wasichana ndio zaidi: wanapewa buti la kiume lililopunguzwa urefu, wakati wengi wao kisigino ni chembamba kikilinganishwa na upana wa mbele. Akilalamika, anaambiwa avae soksi mbili.

Soksi zenyewe ni za pamba. Pamba ikishakunywa jasho haikauki upesi. Ngozi inalainika, na ngozi laini ikisuguliwa inaachia. Wanaojua safari ndefu huvaa ya ndani nyembamba na ya nje nzito yenye sufu, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi, ngozi ipone. Huwa na jozi kavu kwenye begi, wanabadilisha wakipumzika. Haya msiyaweke kwenye ratiba.

Juzi kuruta mmoja alikuja anachechemea, buti kalifungua kamba zote. Hakutaka kushonewa. Aliomba nimwazime shazia.

"Ya nini, afande?" (Nawaita wote maafande; hawanikosoi.)

"Nitoboe lengelenge."

Shazia ile ndiyo ninayotobolea matairi ya lori. Nilimkatalia. Nikamwelekeza aoshe mguu, atafute sindano safi, aichome moto, atoboe pembeni maji yatoke, na ile ngozi ya juu asiichune, aifunike. Huduma hii bado sijaipangia bei, lakini nikiona zabuni ijayo nitafikiria.

Sasa nije kwenye soli ya ndani, maana hapo ndipo mlipovuka hata viwango vyenu. Ile iliyomo ni karatasi ngumu iliyobandikwa kitambaa. Ikilowa mara moja inakunjamana katikati ya unyayo, na mwenye buti anatembea juu ya kikunjo hicho siku nzima. Nimefungua mradi. Nanunua vipande vya godoro chakavu, nachora unyayo kwa chaki, nakata, nauza. Wanagombania! Ukibonyeza kwa mkono ni laini, kama ninyi na sampuli yenu. Baada ya mwendo mfupi sifongo limelala, limejaa jasho, na mteja yuko pale pale alipokuwa, ila sasa ana harufu. Ukweli ni kwamba soli nzuri ya ndani siyo ile inayozama. Inatakiwa iwe na ugumu kidogo, ikamate kisigino na kuegemeza upinde wa unyayo, na itolewe usiku ikauke peke yake. Ukiweka nene kupita kiasi, inajaza buti, mguu unapanda, kisigino kinatoka kwenye nafasi yake na vidonda vinaanza upya. Kwa hiyo mwenye akili hujaribu buti akiwa na soksi na soli ile ile atakayotembea nayo, siyo kuipachika baadaye.

Lipo jambo jingine baya zaidi kwangu, kwa sababu halina gharama. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake kwa mguu mtupu. Nyama ikimwagika pembeni, buti hilo ni jembamba kwako. Vidole vikigusa ncha, ni fupi. Mbele panatakiwa kubaki nafasi kama ya upana wa kidole gumba, ama sivyo kwenye mteremko kucha zitakuwa nyeusi. Yote hayo ni nusu dakika kwa kuruta mmoja. Jambo hili likifika stoo, mimi nimekwisha.

Akitokea mtu wa kuwalaumu, msikose la kujibu. Historia iko upande wenu. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, kuna masanamu ya kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa nzuri kabisa. Miguu hiyo ilitembea pekupeku na mizigo kichwani mpaka mabonde ya Rufiji na kupita, funza wakila vidole, na makumi ya maelfu hawakurudi kwao. Viatu vilikuwapo, ila vilikuwa vya wengine. Kariakoo ya Dar es Salaam, ninakonunulia gundi na uzi, palikuwa na kambi ya wapagazi hao. Ninyi, kwa kulinganisha, mmetoa mabuti. Kutoka pekupeku hadi soli ya karatasi imechukua miaka mia na ushei tu, na sioni sababu ya kuharakishwa.

Ombi langu ni dogo. Mkikaa tena kupanga zabuni, nijulisheni mapema kiasi cha jozi, nijue ninunue matairi mangapi. Wauzaji hupandisha bei wakisikia kambi imepokea mzigo.

La mwisho ni la mjumbe mmoja wenu aliyeniachia viatu vyake vyeusi wiki iliyopita nibadilishe kisigino. Kazi nzuri ile: ngozi halisi, soli imeshonwa pande zote, haikubandikwa, ndani ina soli ya kutoa. Nilimuuliza alivichaguaje. Akasema alikwenda dukani jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, akajaribu jozi tano, akazunguka navyo dukani hadi muuzaji akachoka. Mwambieni viko tayari. Aje na elfu nne.

Wenu mtiifu,
Fundi Viatu, Chini ya Mwarobaini