Mvumo wa Spika Upewe Sifa Zake

Huku kwetu Kakamega, fahali wa mapigano wa Shinyalu au wa Ikolomani hapelekwi uwanjani kimya kimya. Huamshwa alfajiri, akaimbiwa njia nzima, ngoma za isukuti zikitangulia na vijana wakikimbia ubavuni mwake kwa firimbi na matawi. Akishinda hutajwa kwa miaka. Akikimbia pambano, wale wale waliomwimbia hutafuta njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Sioni kwa nini heshima yote hiyo apewe mnyama anayeweza kushindwa, ilhali mji huu una mkazi mwingine ambaye hajawahi kukimbia pambano lolote na hajaimbiwa hata kibwagizo. Nauzungumzia mvumo: ule mlio mzito wa "mmmm" unaotoka kwenye spika wakati hakuna muziki unaochezwa. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mvumo hauhitaji kuokolewa na yeyote. Jaribu kuuondoa uone.

Anayetaka kuukaribisha nyumbani kwa heshima zote na aagize kigeuzi cha sauti cha mezani, kile kijisanduku ambacho wauzaji hukiandika DAC. Kazi yake ni kugeuza tarakimu kuwa umeme. Wimbo uliohifadhiwa kwa kiwango cha CD, kiwango ambacho Sony na Philips walikiingiza sokoni mwaka 1982, ni tarakimu 44,100 kwa kila sekunde, na hizo ni za spika ya kushoto peke yake. Ya kulia ina zake. Kila tarakimu hugeuzwa kuwa volti kidogo, volti zikaingia kwenye amplifaya, amplifaya ikaisukuma spika. Simu na laptopu zina vigeuzi vyao ndani, ila vimebanwa katikati ya saketi zenye fujo, ndiyo maana mpenda muziki huona bora anunue cha nje. Anadhani ananunua utulivu. Maskini, hajui anaununulia mvumo kiti cha mbele.

Kigeuzi changu kilikuja kwa basi kutoka Nairobi, na chenyewe sina la kukilaumu. Nilianza na rekodi za George Mukabi, mmoja wa waasisi wa mtindo wa gita wa omutibo, aliyefariki mwaka 1963. Gita moja tu, kidole gumba kikishika besi, cha shahada kikiimba, na chupa ya soda ikigongwa na kukwaruzwa kando. Kwenye spika za laptopu chupa ile ilikuwa kelele ya kawaida. Kwa kigeuzi ikawa chupa kweli, yenye mbavu, na ukisikiliza vizuri unajua mpigaji amechoka wapi na amechangamka wapi. Sauti ya Mukabi ikasogea mbele ya gita, mahali ambapo mwimbaji hustahili kukaa. Basi wimbo ukaisha, na katika ule upenyo kabla ya wimbo wa pili, mwenyeji akajitambulisha: mmmm.

Hapa mgeni hukosea kwa kuwasingizia marehemu. Rekodi za zamani nyingi zina mvumo wake, uliopatikana studio pamoja na wimbo, na huo ni mali ya historia, uachwe. Simamisha wimbo. Mvumo ukinyamaza, ulikuwa wa Mukabi. Ukiendelea, ni wako, na pokea hongera zangu.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa asiye na ukoo hasifiki. Umeme wa Kenya hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo huzaliwa na mwendo huo huo. Ukoo wake unaanzia kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya Sondu-Miriu na ya Turkwel, ukavuka hadi Jinja, kwa sababu gridi ya Kenya na ya Uganda zimeunganishwa kwa nyaya tangu miaka ya 1950. Jenereta kubwa zilizounganishwa hivyo hulazimika kuzunguka kwa mdundo mmoja. Moja ikizidiwa na mzigo, zote hupungua kidogo pamoja. Mzigo ukipungua, zote huchangamka pamoja. Viongozi wa Afrika Mashariki wameahidi shirikisho la kisiasa tangu mimi sijazaliwa. Mvumo haukuitisha mkutano hata mmoja, na tayari unavuma kwa sauti moja mtaa wa Amalemba hapa mjini na Kampala.

Sauti hiyo ni ya namna gani? Wanamuziki watafurahi. Hertzi 50 ni noti iliyo juu kidogo ya G ya chini kabisa ya piano, na mvumo haujawahi kuitoka. Marekani, ambako umeme huenda mara 60, mvumo wao umekaa kati ya B bapa na B, nao wanaringa nao hivyo hivyo. Spika ndogo za mezani haziwezi kuitoa hertzi 50 sawasawa, kwa hiyo mara nyingi unachosikia si mzee mwenyewe bali wanawe: hertzi 100, 150, 200, na kuendelea juu. Mzee akiwa mbali, watoto wamekuja kukusalimu. Adabu ya namna hii haipatikani siku hizi.

Wanaoudharau hawajui kwamba mvumo umewahi kutoa ushahidi mahakamani. Ule mdundo wa 50 hautulii kamili. Huyumba kwa sehemu ndogo sana, juu na chini, na kuyumba huko hakufanani leo na kesho. Kwa kuwa gridi nzima huyumba pamoja, rekodi yoyote iliyonasa mvumo imenasa pia saa na siku yake. Polisi wa London wamekuwa wakiuhifadhi mdundo wa gridi ya Uingereza mchana na usiku tangu 2005, ili kanda ya sauti ikiletwa wajue ilirekodiwa lini na kama imekatwa katikati. Shahidi wa kibinadamu husahau, hutishwa, huhongwa, hupanda matatu asubuhi ya kesi akaonekana Busia. Mvumo hufika.

Hata hivyo fadhila yake kubwa, na hapa naomba msomaji avue kofia, ni ukaguzi wa nyumba. Wengi wetu mjini tunaishi katika nyumba za kupanga ambazo nyaya zake zilifungwa na mtu ambaye hatukumwona, akalipwa na mtu ambaye hakumkagua. Soketi zina matundu matatu kama za Uingereza. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, ule wa kijani chenye mistari ya manjano, unaopaswa kushuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa udongoni. Sisi tundu hilo tunalijua kwa kazi nyingine: ndilo linalochomekwa kalamu ili vifuniko vya matundu ya chini vifunguke, plagi ya pini mbili ya redio iingie. Kama nyuma yake kuna waya au hakuna, nani atauliza? Taa inawaka. Friji inaganda. Pasi inapata moto. Nyumba nzima inasema iko sawa, na mkaguzi pekee anayekataa kutia sahihi ni mvumo.

Ripoti yake huiandika kwa mihuri miwili, na kila mmoja una maana yake.

Muhuri wa kwanza: gusa chuma cha amplifaya au ganda la kigeuzi. Kama mvumo unanyamaza ukigusa na kurudi ukiachia, na pengine ncha ya kidole inahisi kuwashwawashwa, huna waya wa ardhi. Chaja na amplifaya za kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwa makusudi, kupitia vichujio vyake, zikitarajia waya wa ardhi uupokee na kuuteremsha. Waya usipokuwepo, umeme ule hubaki ukielea kwenye chuma na kwenye nyaya za sauti, ukitafuta pa kwenda, hadi unapofika wewe. Wenye nyumba huona kwamba kifaa kinawaheshimu, kinanyamaza wakiwekea mkono. Ukweli ni kwamba kimewateua wao wawe fimbo ya shaba.

Muhuri wa pili ni wa nyumba zenye ardhi, na huwashangaza zaidi waliogharamika. Laptopu inachajiwa kwenye soketi ya ukuta huu kwa chaja ya pini tatu. Amplifaya iko kwenye soketi ya ukuta ule, nayo ya pini tatu. Katikati kigeuzi kimeunganishwa na laptopu kwa waya wa USB, na kwa amplifaya kwa zile nyaya zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Sasa kuna njia mbili za kufika ardhini, na njia mbili zikikutana pande zote hufanya mzunguko. Ardhi ya ukuta huu na ya ukuta ule hazilingani kabisa kwa volti, hivyo umeme kidogo huzunguka kupitia koti la nje la waya wa sauti, amplifaya ikaudhania muziki na kuukuza kwa bidii. Chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Ukisikia kimya, umemjua mhusika. Mara nyingi inatosha kuhamishia vyote kwenye ekstensheni moja, ili njia zote mbili ziwe na mlango mmoja.

Angalia basi. Fundi angekutoza pesa kuyagundua haya, na mwenye nyumba angekuahidi mwezi ujao. Mvumo umefanya ukaguzi bure, usiku, bila kuombwa chai.

Kuna kasoro nyingine zinazotaka kujipachika kwenye sifa hizi, nami nazikataa. Kimya kitupu mara baada ya kuunganisha huwa ni kompyuta inayotoa sauti kwenye spika zake yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, kichague kigeuzi, umemaliza. Kigeuzi kisichotambuliwa kabisa kwenye kompyuta kuukuu ni suala la draiva, kwa kuwa Windows ilianza kuvielewa bila draiva vigeuzi vya USB vya kizazi kipya mwaka 2017 tu. Kutatarika mithili ya bisi mara nyingi hutokana na kigawanyishi cha USB kilichobebeshwa vifaa vingi. Kichomeke kigeuzi kwenye laptopu moja kwa moja. Ile shiii ya chini ni ya amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho. Hizi zote ni kasoro za kupita. Zinatibika kwa dakika chache, na kitu kinachotibika kwa dakika chache hakina hadhi ya kusifiwa.

Mvumo una udhaifu mmoja wa kibinadamu: hauwezi kuishi gizani. Stima ikipotea unapotea nayo. Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani usiku, mvumo ulinyamaza kutoka Kakamega hadi Mombasa kwa mpigo. Aliyekuwa na laptopu yenye chaji, kigeuzi kinachokula umeme wa USB na vipokea sauti vya masikioni, alisikiliza muziki safi kuliko mtu yeyote nchini. Nasikitika kusema kwamba wapo wanaomiliki vifaa vya bei kubwa ambao usiku wao bora wa muziki ulikuwa ule.

Maadui wake pia wana heshima zao. Waya wa mwanga, ambao Toshiba iliuanzisha mwaka 1983, hupitisha tarakimu kwa nuru ndani ya uzi wa plastiki; umeme hauna pa kupita, kwa hiyo mzunguko unakatika, ikiwa kompyuta na kigeuzi vyote vina tundu lake. Kuna pia vitenganishi vya USB, na transfoma ndogo za kutenganisha zinazokaa kwenye waya wa sauti, ingawa zile za bei ya chini huondoka na besi pamoja na mvumo. Mvumo ukishindwa na hivi haulalamiki. Umeshindwa na elimu.

Adui mmoja tu hauna budi kumchukia, nami niko upande wa mvumo: yule jamaa mwenye koleo anayekushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Ndiyo, mvumo utanyamaza. Lakini siku waya wa ndani utakapolegea na kugusa chuma, volti 240 zitakuwa zikimngoja wa kwanza kuishika amplifaya, na mara nyingi huyo ni mtoto. Katika mji wenye radi nyingi kama huu, kuipunguzia nyumba njia ya ardhi ni kuiongezea hatari. Udongo wetu mwekundu una unyevu karibu mwaka mzima, na udongo wenye unyevu hupokea umeme vizuri kuliko mkavu, hivyo Kakamega haina kisingizio. Labda ukiishi juu ya mwamba kule Ilesi, karibu na lile jiwe linalolia, fimbo itakusumbua kuzama.

Kwa hiyo msomaji, ukiusikia usiku wa leo, usiutukane na usishike koleo. Simamisha wimbo, gusa chuma kwa mgongo wa kidole, chomoa chaja, usikilize tena. Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, umwonyeshe soketi, umwambie aanze na waya wa kijani.