Bandua Lebo Kwanza

Mtaalamu alipokuja kijijini kutufundisha kutumia vitu upya, tulimsikiliza kwa adabu zote. Alileta maji ya chupa kwa kila mshiriki, akatundika bango kubwa la plastiki, akazungumza mpaka kivuli cha mti kikatuhama. Mwishoni akataka kukusanya chupa tupu atuonyeshe taka ni nini. Hakuikuta hata moja. Zilikuwa zimeshaingia kwenye vikapu vya akina mama, nyingine zikiwa bado na maji. Bango lenyewe aliliacha kwa ukarimu, au tuseme alipoligeukia alikuta fundo la mwisho linafunguliwa. Sasa limefunika mahindi ya mwenyekiti wa kikundi, na maneno TUMIA TENA yanasomeka vizuri sana ukiwa juu ya mwembe wake.

Kumfundisha mtu wa Mbulu au Hanang kutotupa kitu ni kumfundisha mbuzi kupanda jiwe. Shida yetu iko kwingine: kitu chetu hubadili kazi, hakibadili sura.

Chukua dumu la njano la lita 20. Huanza na mafuta ya kupikia. Yakiisha, linapanda punda kwenda kisimani, likiwa limezibwa kwa gunzi, maana kizibo chake hupotea siku ile ile ya kwanza. Likitoboka, kisu kinapashwa moto na kipande cha ndala kinayeyushwa juu ya tundu. Likitoboka tena, linakatwa ubavu na kuwa hori la kuku, na kile kipande kilichobaki kinakuwa kizoleo. Hapo katikati huenda lilipita kwenye mafuta ya taa, na mwenyewe asikumbuke. Wageni ndio hukumbuka, wakishapiga funda la kwanza la chai. Dumu ninalokataa kulitetea ni moja tu, la dawa ya kuogeshea mifugo. Hilo hata ulisugue kwa mchanga na majivu masika mpaka kiangazi, sumu imeshaingia kwenye plastiki. Litoboe, lisije likarudi jikoni.

Katambuga nazo ni hivyo hivyo. Tairi likishachoka barabarani, fundi analikata viatu, na mchungaji atavivaa miaka. Lakini tairi halisahau lilikotoka. Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam wakati wa mvua, asubuhi akarudi mbio nyumbani kutangaza kwamba kuna gari limepita kwenye kijia cha mbuzi, alama ziko wazi kwenye tope. Ilikuwa ni babu, ametoka chooni.

Wanaoweza kukisahaulisha kitu asili yake ni wahunzi wa Kidatoga. Msumari ukipita mikononi mwao unatoka kichwa cha mshale, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda huenda nao porini kuwinda. Kufuli kuukuu na bomba la shaba vinayeyushwa kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi, vinakuwa bangili. Ufunguo wa ghala letu ulipopotea, jirani alinishauri nisihangaike na fundi: kufuli niikate, niipeleke kwa mhunzi, na shemeji apate bangili. Ghala je? Akasema ghala lifungwe kwa mpira wa tyubu. Mpaka leo limefungwa hivyo, na shemeji bado anaulizia bangili.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, mama yangu alikuwa na akiba ya mifuko ya Rambo chini ya godoro, imefuliwa, imeanikwa, imekunjwa pembetatu. Redio ikatangaza kwamba ukikutwa na mfuko faini yake haipungui shilingi 30,000. Baba akanyanyua godoro, akatazama, akalirudisha polepole. Akasema kwa hesabu hiyo tumelalia deni linaloshinda ng'ombe wote wa zizini.

Lakini aliyeumbuka kuliko wote ni mjomba. Mjomba ni mzee wa kanisa Haydom, mji uliokua kando ya hospitali ya Walutheri iliyoanza mwaka 1955, na tangu nimjue hajagusa hata togwa iliyolala. Alipanda basi la alfajiri kwenda Arusha kumwona binti yake aliyejifungua, amebeba asali. Na asali kwetu hutiwa kwenye bapa, ile chupa ya pombe kali inayokaa vizuri mfukoni mwa koti, lebo ikiwa mahali pake.

Kwenye kona za mlima Magara kichefuchefu kikamshika. Akatoa bapa, akafungua, akapiga funda. Basi likanyamaza. Mama aliyekaa naye akamvuta mtoto wake. "Mzee wangu, asubuhi yote hii?" akauliza kondakta. Mjomba akasema ni asali. Nyuma wakacheka, kwa sababu hakuna mlevi aliyewahi kusema ni pombe. Tena huko nyuma alikuwamo mwanakwaya wa usharika wake.

Ikabidi aonjeshe. Kondakta akaonja, akatikisa kichwa kwamba bado hana uhakika, akaonja tena. Mwanakwaya naye akataka ushahidi wake. Bapa la kwanza likaisha kabla ya kufika tambarare, likafunguliwa la pili, na kufika Arusha abiria wote walikuwa wameridhika kwamba mzee ni mtu safi. Mjomba akabisha hodi kwa wakwe akiwa na mkoba wa mabapa matupu, yanagongana. Kuyatupa stendi hakuweza, bapa tupu lina bei mnadani.

Ninyi wauza asali wa Haydom na Katesh, asali yenu ni nzuri na bapa halina ubaya. Tunachoomba ni maji ya moto kidogo mbandue lebo kabla ya kujaza. Na wewe abiria unayekwenda ukweni, beba kijiko.