Pingili Witiri

Ukimwambia kijana wa bodaboda kwamba kuna mtu amemaliza wiki nzima akichagua cheni, atadhani unamtania. Yeye akifika dukani anataja 428, anapewa, fundi anagonga, na kazi imeisha kabla abiria hajamaliza kubishania nauli. Jamaa yetu mmoja, mtoto wa Tanga aliyehamia Birmingham, hakujaliwa wepesi huo. Ana Triumph Bonneville ya mwaka 1968, pikipiki iliyoundwa Meriden, mwendo mfupi tu kutoka anapokaa, na ambayo tangu hapo imepita mikononi mwa watu wengi mno. Kila mmoja wao alibadili kitu. Hakuna aliyeandika alichobadili.

Kelele ndiyo iliyoanza. Kila akiachia mafuta, cheni ilichapa kava yake kwa hasira. Akaitoa, akaifua kwa mafuta ya taa, akailaza juu ya ubao na kuivuta mpaka ikanyooka. Kipimo chenyewe hakina maajabu: kwenye cheni ya aina hiyo, kutoka pini moja hadi nyingine ni inchi 5/8, kwa hiyo pingili 20 za cheni mpya hutimiza inchi 12.5. Zikifika inchi 12.75, cheni imekwisha. Watu husema imevutika, ingawa chuma chenyewe hakijavutika popote. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zake zimelika, kila moja kiasi kisichoonekana kwa macho, na ulaji huo ukijumlishwa pingili kwa pingili unapata cheni inayoning'inia. Ya jamaa ilikaribia inchi 13. Akaenda kutafuta rula nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza aliona ina chuki naye.

Rula ya pili nayo ikashuhudia yaleyale. Ikabidi anunue.

Muuza vipuri, kwenye simu, alimuuliza swali moja tu: pingili ngapi? Jamaa akasoma idadi iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Mwenye duka akacheka kwa adabu. "Bwana, hicho kitabu hakijui sproketi gani imo ndani ya pikipiki yako. Hesabu zilizopo."

Akahesabu. Akapata namba witiri. Akahesabu tena akianzia upande mwingine, akapata witiri ileile. Hapo ndipo mambo yalipomchanganya, kwa sababu cheni ya rola hupangwa pingili ya ndani, ya nje, ya ndani, ya nje, na ili ncha zake zikutane lazima jumla iwe shufwa. Mke wake, aliyepita na kapu la nguo, aliombwa ahesabu pia. Akahesabu huku amesimama, akatoa jibu lilelile, kisha akaongeza: "Na hii moja mbona imepinda?"

Imepinda kweli. Ilikuwa pingili ya kuungia, nyembamba upande mmoja na pana upande wa pili, ambayo huwekwa pale mtu anapotaka kuongeza nusu ya kile ambacho kwa kawaida huongezwa kizima. Ipo, inauzwa, na mafundi wengi hawaipendi kwa kuwa ina nguvu pungufu kuliko wenzake. Mmoja wa wamiliki wa zamani aliishiwa nafasi ya kusogeza gurudumu, akaamua kumaliza ugomvi kwa njia hiyo. Jamaa alimlaani kwa Kiswahili, lugha ambayo marehemu huyo, kama ni marehemu, hakuwa na habari nayo.

Sasa, cheni ipi? Hapa kulikuwa na habari njema. Cheni ya rola yenye bushi ni kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyeanzisha kiwanda huko Manchester na kuibuni mwaka 1880, na vipimo vya inchi vya Waingereza havikufa pamoja na viwanda vyao vya pikipiki. Ile 530 inayofungwa kwenye pikipiki kubwa za Kijapani ni inchi 5/8 kwa 3/8, sawasawa na ya Bonneville. Tarakimu ya kwanza huhesabu tu sehemu za nane za inchi. Jamaa alifurahi. Akataka 530 ya kisasa kabisa, ile yenye vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya kila pini, isiyohitaji kupakwa mafuta kila wakati.

Tatizo ni kwamba vipete hivyo hula nafasi. Pini zake ni ndefu zaidi, cheni inakuwa pana, na Waingereza waliounda pikipiki hizi hawakuacha hata upenyo wa kupitisha kadi ya posta. Alipoinama na tochi nyuma ya kasha la klachi, alikuta mfereji unaong'aa kwenye alumini, mrefu kama kidole cha shahada, uliochimbwa na cheni pana ya mtu aliyewahi kuwaza kama yeye. Kwa mara ya kwanza, mmiliki wa zamani alikuwa amemwachia maelezo.

Akaagiza ya kawaida, isiyo na vipete. Cheni hiyo inadai mafuta, na wazee wa pikipiki wa Uingereza walikuwa na dawa yao: kopo pana la grisi ya grafiti linawekwa jikoni, grisi inayeyuka, cheni inazamishwa humo mpaka iingie kwenye kila bushi, kisha inatundikwa ichuruzike. Jamaa alilipata kopo. Jiko pia alikuwa nalo, ila si peke yake.

"Baba watoto, mchuzi huu wa nini?"

"Si mchuzi."

"Najua si mchuzi. Ndiyo maana nauliza."

Kazi ikahamia uani, kwenye jiko la gesi la kambi.

Siku ya kufunga, kilichomtoa jasho ni kilipu kidogo cha pingili ya kufungia. Kina upande uliozibwa na upande uliopasuka, na ule uliozibwa lazima utangulie kule cheni inakoelekea, usije mpasuko ukanasa kitu na kilipu kikaruka barabarani. Kwenye sehemu ya juu, cheni huenda mbele. Jamaa alikuwa akifungia sehemu ya chini. Alikizungusha kilipu mpaka vidole vikafa ganzi.

Kisha, kwa kuwa cheni mpya ni fupi kuliko iliyolika, gurudumu likasogea mbele, fimbo ya breki ikalegea, kanyagio likazama. Akarekebisha breki. Akanyoosha magurudumu kwa ubao mrefu. Akalizungusha gurudumu taratibu kutafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo alipoliona jino la sproketi ya mbele: limepinda kama kulabu. Sproketi ya namna hiyo huila cheni mpya kwa raha zake.

Kwenye Bonneville, sproketi ya mbele hukaa nyuma ya klachi. Ili uifikie unaondoa kikanyagio cha mguu wa kushoto, unamwaga mafuta ya kasha, unafungua kasha lenyewe, unatoa jenereta, kisha klachi na sproketi ya injini pamoja na cheni yao ya ndani. Kitabu kilisema meno 19, naye akaagiza 19, ikafika. Alipoifikia ile ya zamani, akaifuta na kuhesabu: meno 20.

Akapiga simu dukani. Hakuwahi hata kujitambulisha.

"Aa," ikasema sauti ya upande wa pili, "yule bwana wa witiri."