Kasha la Mandari

Bwana wa mjini Machakos akiazimu kwenda mandari Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 tu, haridhiki tena na sufuria na mafiga, bali humwagiza seremala kasha la mvule lenye droo za vijiko, meza ya kukunjua, na chumba cha barafu chenye kuta mbili zilizoshindiliwa unga wa mbao na kupigwa bati kwa ndani. Nalo, kabla ya kutiwa hata kitunguu kimoja, huwataka wanaume wanne walioshiba. Mtungi, ambao hutoka jasho ukayapoza maji bila ya hisani ya barafu, huachwa nyumbani, kwani hauna bawaba za shaba. Chakula chenyewe, muthokoi, hupikwa usiku, kikafika mlimani kimekwisha kuiva. Seremala, Mola amzidishie riziki, amekwisha kupokea arubuni ya kasha la pili, la kuchukulia kuni.